Msiniulize nani aliimba, niulizeni nani alipiga

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu.

Swali lenu la wiki linauliza, "Ni mwanamuziki gani wa Marekani aliyeubadilisha muziki wa dunia kuliko wote, na kwa nini?" Nimesoma majibu ya wenzangu mliyoyatanguliza. Wengi wamesema Michael Jackson, wapo waliosema Elvis, kuna dada kamtetea Aretha Franklin vizuri mpaka nikapiga makofi peke yangu, na kuna kijana kasema Tupac. Sina ugomvi na mtu hata mmoja hapo. Ila nilivyofika mwisho nikaona kitu kikanikera kweli, wote ni watu wa kushika maiki. Wote! Hakuna aliyemtaja mpiga gitaa, mpiga drams wala mpiga kinanda, kana kwamba zile nyimbo zilikuwa zinajipiga zenyewe halafu mwimbaji anakuja kupanda juu kama abiria.

Mimi nimepiga besi kwenye bendi za hoteli hapa Dar maisha yangu yote ya kazi. Kwa hiyo mnisamehe, sitalijibu swali lenu lilivyo, nitajibu lile ambalo naona lilitakiwa liulizwe: ni nani huyo ambaye dunia nzima imemsikia na imemcheza bila kulijua jina lake? Na hapo sina haja ya kufikiri. Ni James Jamerson.

Najua wengi mnasema, nani tena huyo? Haya. Chukua wimbo wowote wa miaka ya 60 wa Motown, ile lebo ya muziki ya Detroit, wa Supremes, wa Temptations, wa Four Tops, wa Stevie Wonder akiwa bado kijana mdogo, wa Smokey Robinson, halafu achana na anayeimba, shuka chini kabisa kwenye besi. Huko chini, kwa nyimbo nyingi sana, utamkuta mtu yule yule. Kazaliwa 1936 Edisto Island huko South Carolina, akahamia Detroit 1954, akajifunza besi kubwa ile ya kusimama akiwa shule, usiku akawa anapiga jazz kwenye vilabu. 1959 Berry Gordy alipoanzisha lebo hiyo kwa mkopo wa dola 800 wa mfuko wa familia yao, Jamerson akawa mmoja wa wapigaji waliokuwa wanaitwa pale West Grand Boulevard namba 2648. Ilikuwa nyumba ya kawaida tu ya kuishi watu, studio iko nyuma, ndogo, nyaya zinaning'inia kutoka darini mpaka wenyewe wakapaita shimo la nyoka. Mle ndani alikuwepo Benny Benjamin kwenye drams, Earl Van Dyke kwenye kinanda, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina kwenye magitaa, Jack Ashford na tari lake. Wakajulikana kama Funk Brothers. Waimbaji walikuwa wanapokezana, leo huyu kesho yule, lakini wapigaji ni wale wale, na ukiangalia kava za santuri za miaka ile mwimbaji yupo, mtunzi yupo, prodyuza yupo, wao hawapo.

Sasa kwa nini jambo hili linanigusa hivi, ngoja niwaeleze lilikoanzia, na naomba msinikatize maana hili sijawahi kuliandika popote.

Miaka ya 80 katikati bendi yetu ilikuwa inapiga kwenye hoteli moja ya ufukweni, wikiendi tunapiga kopi za nje, siku nyingine dansi letu la kawaida. Mpiga besi alikuwa mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Mjomba, mtu wa Tanga, mpole, hapendi makelele, suruali yake imenyooshwa pasi hata siku ya mazoezi. Mimi nilikuwa napiga ridhim na yeye pembeni ananifundisha besi. Wakati ule nyuzi za besi zilikuwa hazipatikani madukani, ukikatika uzi mmoja unaweza kukaa hata mwaka mpaka atokee baharia au mtu anayesafiri, kwa hiyo Mjomba alikuwa anazivua nyuzi zake, anazichemsha kwenye sufuria mpaka mafuta na jasho vyote vitoke, anazianika kwenye kamba ya nguo, anazirudisha. Zinalia tena wiki kadhaa halafu zinafifia. Mke wake sufuria ile alikuwa haigusi.

Ikaja kazi ya harusi. Kamati ikatuletea orodha ya nyimbo na bibi harusi akasema mmoja tu usikose, ule Marvin Gaye aliouimba na Tammi Terrell 1967, Ain't No Mountain High Enough. Kaka wa bibi harusi akatupa kaseti, kaseti ya kurekodia, juu imeandikwa kwa kalamu SOUL MIX, basi, hakuna lingine. Tukakutana ukumbini mchana. Mwimbaji wetu alikuwa ameshayaandika maneno yote kwenye daftari, mpiga solo ameshaipata ki yake, drams zimefungwa, tunamsubiri Mjomba tu aseme moja mbili tatu. Mjomba akasema hatuanzi.

Akaichukua redio kaseti, akaizima sauti kali yote, akailaza kifudifudi juu ya jukwaa, na jukwaa lile lilikuwa la mbao, tupu chini. Akabonyeza. Jamani, sauti ya Marvin ikapotea karibu yote, ya Tammi ikapotea, vinanda vikapotea, kilichobaki ni besi inatembea ndani ya mbao unaisikia mpaka kwenye nyayo. Akatuambia laleni. Tukadhani anatania, mtu mwenyewe si wa utani. Tukalala chini, bendi nzima, masikio kwenye mbao, na wahudumu wa hoteli wanapita na vitambaa vya meza wanatushangaa.

Ile besi ilikuwa haikai. Sisi tumezoea besi ya kukaa, unashika mizizi ya wimbo unaituliza bendi, wengine ndio wanaruka. Hii inaruka yenyewe, na wimbo hauanguki. Unaitegemea iingie hapa, inanyamaza, halafu inaingia kwenye upenyo kati ya neno na neno pale mwimbaji anapovuta pumzi, inapanda kidogo, inashuka kwa mkato, ikirudi safari ya pili haipiti njia ile ile. Mjomba anarudisha, tunasikiliza, anarudisha, tunasikiliza. Karudisha mpaka redio ikautafuna mkanda. Tukaliomba jikoni koleo dogo, tukautoa utepe taratibu umejikunja kama nini, tukaurudisha kwa kalamu ya Bic tunazungusha kwa zamu, na pale ulipokunjika pakabaki na mlio wa ajabu kila tukifika. Meneja akaja kuuliza bendi inafanya nini chini, Mjomba akamjibu kwa heshima zote, "Tunafanya mazoezi, mheshimiwa."

Halafu akatuuliza, "Nani anapiga?"

Mwimbaji wetu haraka haraka, "Marvin Gaye, Mjomba."

"Marvin Gaye anaimba. Nimeuliza nani anapiga."

Hakuna aliyejua. Tukamgeukia yeye tukidhani ni mtihani na jibu analo. Naye hakuwa nalo. Akatuambia ameanza kumsikia mtu huyo tangu miaka ya 60 kwenye santuri, anamjua kwa mkono wake, ukimwekea nyimbo kumi atakuambia huyu ni yeye na huyu siye, ameiga vipande vyake vingi na amelisha watoto kwa vipande hivyo, na hajawahi kuliona jina lake mahali popote. "Huyu ndiye mwalimu wangu," akasema, "na simjui." Akavaa gitaa, akasema haya sasa, moja mbili.

Harusini tuliupiga, ukapokelewa vizuri, hayo siyo ninayotaka kusema.

Ninachotaka kusema ni kwamba miaka ya 2000, intaneti kafe zimeshaingia mjini, ndipo nikalipata jina. Ilikuwa imeshatoka filamu ya kumbukumbu ya 2002 iliyowahusu Funk Brothers, watu wanaizungumzia, nikasoma mpaka muda wangu ukaisha nikaongeza hela. Jumapili nikaenda kwa Mjomba Temeke, ameshazeeka, vidole vimekakamaa, gitaa limetundikwa ukutani. Nikampa shikamoo nikamwambia Mjomba yule mtu nimempata, anaitwa James Jamerson. Akanifanya nilirudie jina mara kadhaa. Akauliza, yuko hai? Nikamwambia alifariki Agosti 1983. Akapiga hesabu akasema, "Kwa hiyo siku tumelala pale ukumbini alikuwa ameshakwenda." Ndiyo Mjomba. Halafu akauliza swali ambalo ni mpiga besi peke yake angeuliza, "Alikuwa anatumia vidole vingapi?"

Nikamwambia kimoja. Cha shahada.

Alikataa katakata! Akasema uongo, haiwezekani, akaniambia nishushe gitaa. Nikalishusha, akaliweka pajani bila amplifaya, akajaribu kile kipande kwa kidole kimoja na vile vidole vyake vilivyokakamaa, taratibu, akakosea, akarudia, na kadiri anavyorudia nikaona uso unabadilika maana kweli inaingia, ndiyo maana ule mkato unakuwa vile, kidole kimoja kinagonga kila noti kwa uzito ule ule. Miaka yote ile yeye alikuwa anauiga ule mkato kwa vidole viwili na anashangaa kwa nini haufanani sawasawa. Nikamwambia tena, gitaa lenyewe lilikuwa Fender Precision la 1962, na nyuzi alikuwa habadilishi kabisa, kwa kupenda, akiamini ule uchafu ndio unaobeba utamu. Hapo Mjomba akamwita mke wake aje asikie.

Mjomba mwenyewe ana nyimbo mpaka leo zinapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, mtangazaji anataja bendi, anamtaja mwimbaji, wimbo unaisha. Ingawa hapa niseme haki, kwenye dansi letu na rumba ya Kongo kuna utaratibu ambao wenzetu wa Detroit hawakuwa nao, mwimbaji katikati ya wimbo anamwita mpiga solo kwa jina lake, anamtupia na sifa, kwa hiyo wapenzi wa dansi hapa mjini walikuwa wanajua nani anapiga bendi gani na akihama wanahama naye. Kule Marekani James Brown alikuwa anafanya hivyo, Maceo Parker mpiga saksafoni tunamjua wote kwa sababu James Brown alikuwa anamwita kwa sauti ndani ya wimbo. Lakini James Brown huyo huyo, kwenye Funky Drummer uliotoka 1970, mpiga drams alikuwa Clyde Stubblefield, kile kipande cha drams tupu kikakatwa na watu wa hip hop kikatiwa kwenye nyimbo zaidi ya elfu moja, Public Enemy wamekitumia, hao mnaowapigia kura leo wamesimama juu yake, na Stubblefield kwa sababu hakuandikwa mtunzi hakuwa na haki ya mrabaha. Alifariki 2017. Kijana uliyemtaja Tupac, sikugombezi, nakuomba tu ukakisikilize.

Sasa turudi kwa Jamerson, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 1972 Motown ikahamia Los Angeles moja kwa moja, Detroit ikaachwa. Jamerson naye akaenda huko, lakini muziki ulikuwa unabadilika, maprodyuza wanataka besi iliyoandikwa kwenye karatasi ipigwe kama ilivyoandikwa, pombe nayo ilikuwa imeshamshika, kazi zikapungua. Tarehe 25 Machi 1983 pale Pasadena Motown ikarekodi sherehe kubwa ya televisheni iliyoitwa Motown 25. Ndio usiku ule Michael Jackson alipoimba Billie Jean akarudi kinyumenyume mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, ule mnaoukumbuka wote, na ndio sababu nusu yenu mmemwandika yeye. Jamerson hakualikwa. Alijinunulia tiketi kwa walanguzi akakaa huko nyuma, anaangalia wale aliowapigia miaka yote wanashangiliwa. Tarehe 2 Agosti mwaka huo huo akafariki, miaka 47 tu, na gitaa lake la 1962 lilikuwa limeshaibiwa muda mfupi kabla. Mimi kila nikiiona ile video ya Michael siwezi kumwangalia Michael, natafuta viti vya nyuma.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga hapa nimseme Berry Gordy vibaya. Nimefikiri kidogo, nitapunguza. Wapigaji wangapi weusi wa Detroit, au wa Dar es Salaam, walikuwa na mshahara wa kila wiki kwa kupiga gitaa tu? Jamerson kufikia 1968 alikuwa anapokea dola kama 1,000 kwa wiki, hela nyingi sana wakati ule. Tatizo ni kwamba ulikuwa mshahara wa kufungwa, wakienda kurekodi kwa wengine kwa kujificha wanatozwa faini, na bado walikuwa wanakwenda, besi na drams za Jackie Wilson kwenye Higher and Higher ya 1967 ni vijana hao hao wametoroka mpaka Chicago. Kwa hiyo Gordy alikula nao, lakini jina akalifungia kabatini, na hela inaisha jina haliishi. Hapo simsamehi.

Haya, mnataka jina moja kwenye kura. Nilisema mwanzo sipigii kura mshika maiki. Sasa kadiri ninavyoandika kuna mtu ananizuia, na ni Marvin Gaye.

Kwanza, Marvin alianza pale Motown kama mpiga drams. Please Mr. Postman ya Marvelettes ya 1961, wimbo wa kwanza wa kampuni ile kushika namba moja ya nyimbo zote Marekani, drams ni zake. Amekaa nyuma, anajua nyuma kukoje. Pili, alipotengeneza What's Going On, albamu ya 1971 ambayo Gordy mwenyewe mwanzoni hakuutaka hata wimbo wake wa kwanza utoke, Marvin alimtaka Jamerson apige besi ya wimbo huo. Inasimuliwa alimtafuta kwenye vilabu vya Detroit usiku, akamkuta amelewa, akamleta studio, Jamerson hawezi kukaa kwenye kiti, akaipiga besi ile amelala chali sakafuni. Isikilize, usiniamini mimi. Tatu, na hili ndilo lililonigeuza, albamu ilipotoka wapigaji waliandikwa kwenye kava. Kwa majina. Na jina la Jamerson likawekewa sifa kwamba hana wa kulinganishwa naye. Baada ya miaka zaidi ya 10 ya kuibeba kampuni nzima, mwimbaji ndiye aliyefungua mlango, wala siyo mpiga chombo mwenzake wala bosi.

Kwa hiyo naandika Marvin Gaye. Najua nimejipinga mwenyewe, na ukiniuliza kwa muziki peke yake bado nitakuambia Jamerson, na ukiniuliza kuhusu drams nitakuambia mambo mengine kabisa, na dada wa Aretha naye ana hoja. Sauti ya Marvin vilevile siidharau, bila ile sauti yule bibi harusi asingeuchagua ule wimbo na sisi tusingelala chini. Lakini kama kubadilisha muziki ni pamoja na kubadilisha nani anahesabiwa kuwa mwanamuziki, basi ni yeye.

Ila naomba sharti moja, Mhariri. Mkichapisha kura yangu, chini ya jina la Marvin wekeni Jamerson, Benjamin, Van Dyke, White, Willis, Messina na Ashford. Nafasi ikibana kateni habari ya sufuria. Na Bob Babbitt naye msimsahau, kwenye What's Going On watu wanampa Jamerson besi yote wakati Mercy Mercy Me na Inner City Blues alipiga Babbitt, na yeye pia aliandikwa.

Msomaji wenu, mpiga besi, Dar es Salaam